Mkulima wa Butiama: Maisha ya Mwalimu Julius K. Nyerere

Ndugu wanachama, Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, tumeona si vema kitabu hiki cha ukumbusho kijae hesabu za magunia na picha za viongozi tu. Imetupasa kumkumbuka pia mwana mmoja wa mkoa wetu huu wa Mara, ambaye maisha yake yalifungamana na jembe na ushirika, kwa mema na kwa makosa. Naye ni Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mambo yake ya siasa yameandikwa kwingine kwa wingi. Sisi twataka kusimulia habari zake za shamba na nyumba, na yale yaliyoupata ushirika mikononi mwake.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, naye alipewa jina hilo kwa sababu siku ile mvua ilinyesha. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Bibi Mugaya, alikuwa mke wa tano. Wasomaji wetu wa Genkuru hawana haja ya kuelezwa sana habari za mji wa namna hiyo, ambamo kila mama ana nyumba yake na shamba lake, na mtoto hujifunza kazi kabla ya kujifunza kusoma. Kambarage alichunga mbuzi za baba yake, na alikuwa amefikia umri wa miaka 12 alipoanza shule huko Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka Butiama hadi huko ni mwendo wa kilomita zipatazo 40.

Tangu hapo elimu ilimpeleka mbali: Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, Makerere mwaka 1943, kisha kazi ya ualimu katika Shule ya St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada yake.

Hapa ndipo palipo na jambo tunalotaka kila mwanachama alitafakari. Wakati ule mtu aliyesoma hata darasa chache tu alitazamiwa kuvaa viatu, kukaa mezani na kushika kalamu. Bwana huyu aliyetoka Ulaya alirudi Butiama, akavua viatu, akaingia katika udongo, akaukanyaga kwa miguu, akafyatua matofali, na kujijengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kuoa. Watu walishangaa sana. Januari 1953 akamwoa Bibi Maria Waningu. Sisi tuliosoma kidogo na kupewa kazi za ofisini tunapaswa kuikumbuka nyumba ile kila tunapoona haya kuonekana na jembe begani.

Baadaye alifundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaundwa, yeye akiwa Rais wake. Mwaka 1955 ilimlazimu kuchagua kati ya mshahara wa ualimu na siasa, naye akauacha mshahara. Alirudi nyumbani Butiama kwa muda kabla ya kuendelea na safari ile iliyotufikisha kwenye Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu akatoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Aliagiza kila shule iwe na shamba au karakana, ili mtoto ajifunze kutumia samadi, kupanda kwa mstari, kuzuia mmomonyoko wa udongo na kutunza mifugo, wala asimdharau mzazi wake asiyejua kusoma. Yeye mwenyewe hakubaki kutoa amri tu: mwaka 1971 alikwenda Chamwino, Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji.

Lakini tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Kujitegemea kulikoanza kwa kushawishi kuligeuka kuwa amri. Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakayaacha mashamba waliyoyatia samadi kwa miaka mingi, maghala yao na miti waliyoipanda. Ukame nao ukaja, na katika miaka ya 1974 na 1975 nchi ikalazimika kununua mahindi mengi kutoka ng'ambo.

Ndipo likaja jambo lililotugusa sisi hasa. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Kazi ya kununua mazao ilipewa mamlaka za Serikali, na kijiji kikawekwa mahali pa chama cha msingi. Ni kweli kwamba vyama vile havikuwa safi vyote. Wakulima walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu juu ya mizani na juu ya makato. Lakini dawa ilikuwa kumfukuza mwizi, siyo kubomoa nyumba. Sisi hatukuwa tumezaliwa, bali tumesimuliwa na wazee jinsi mkulima alivyopeleka mazao yake kisha akangoja malipo hata akachoka, wala hapakuwa tena na mkutano wake mwenyewe wa kupelekea malalamiko.

Ukuu wa Mwalimu, kwa maoni yetu, unaonekana zaidi katika yaliyofuata. Mwaka 1982 sheria mpya iliurudisha ushirika, na mwaka 1984, angali bado Rais, alikiri hadharani kwamba kuvifuta vyama vya ushirika, pamoja na serikali za mitaa, ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Ni viongozi wangapi, hata wa chama cha msingi, wanaoweza kusimama mbele ya wanachama na kusema hivyo?

Novemba 1985 aliukabidhi urais, akarudi Butiama kulima. Mzee aliyeongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20 alionekana tena shambani pamoja na majirani zake, na hata alipokuwa akishughulikia amani ya Burundi, Butiama ilibaki kuwa nyumbani kwake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama, tarehe 23 mwezi huo huo.

Basi, ndugu wanachama, tunajifunza nini? Mkulima mwenye kahawa peke yake, asiye na mahindi, mihogo na ndizi za jikoni, yu mikononi mwa bei. Mwenye ghala, lundo la samadi na miti ya kujengea huweza kungoja bei nzuri bila kuomba. Hayo kila mtu na ayafanye mjini kwake, kwa hiari yake. Mauzo, usafirishaji na pembejeo ndiyo kazi ya Chama.

Nasi maofisa wenu tumeonywa. Vyama vya wazee wetu vilifutwa kwa amri, lakini mizani mibovu ndiyo iliyowapa watu sababu. Kila mwanachama anayo haki ya kuona mazao yake yakipimwa na kusomewa hesabu zake katika mkutano mkuu. Tukikosea, tuwe na moyo wa kukiri kama alivyokiri Mwalimu. Mungu amrehemu.