Maisha ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika somo la historia, kila tufikapo kwenye Vita vya Maji Maji, hawakosi wenzetu wa kucheka. Huona kwamba mababu zetu walikuwa wajinga kusadiki kuwa maji yaweza kuzuia risasi. Mimi sikubaliani nao, ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu niwasimulie wasomaji habari za mtu aliyeyatoa maji hayo, pamoja na habari za watu waliomzunguka, maana hizo mbili hazitenganiki.

Kinjikitile Ngwale alikuwa mkazi wa Ngarambe, kusini ya mto Rufiji, karibu na vilima vya Umatumbi. Hakuwa akida, wala hakuwa na askari hata mmoja. Siku hizo nchi ilikuwa chini ya Wadachi, na tangu mwaka 1902 ulikuwa umeanza mpango wa mashamba ya pamba chini ya majumbe, ambayo watu walilazimishwa kuyalima. Huku nyuma, mashamba yao wenyewe yaliota majani. Malipo yalikuwa madogo hata wengine walikataa kuyapokea, na kiboko kilikuwa kingi. Kila mtu alichukia, lakini alichukia nyumbani kwake. Mmatumbi hakujua Mngindo anawaza nini, na hapakuwa na mfalme mmoja wa kuwaita wote.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akatambaa kwa tumbo mpaka majini, akazama. Ndugu zake walimtafuta wasimwone. Kesho yake alitoka, na nguo zake zilikuwa kavu. Akaanza kufundisha kwamba watu wa makabila yote ni ndugu, na kwamba anayo dawa ya vita. Dawa yenyewe ilikuwa maji, pamoja na mafuta ya mbono na mbegu za mtama.

Habari zilienea kwa siri, mdomo hadi sikio. Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Watu wakaanza kwenda Ngarambe, makundi kwa makundi, kila kundi na kiongozi wake. Hapa ndipo nitakapo msomaji asimame kidogo. Mtu aliyefika Ngarambe alipewa maji, naam, lakini pia aliwaona wenzake. Aliona njia imejaa watu wa vijiji asivyovijua, wote wamechoka na pamba ileile. Waliimba pamoja, wakafanya mazoezi ya vita yaitwayo likinda. Hata sisi wa bwenini twajua kwamba jambo ambalo mmoja hathubutu kulinong'ona, watu arobaini hulipigia kelele. Kwa maoni yangu maji yalikuwa na nguvu kweli, ila nguvu hiyo ilitoka kwa wale waliokuwa wakiyanywa pamoja.

Lakini kundi likisha kuwa kubwa, humpita hata aliyelikusanya. Kinjikitile aliwaagiza watu wangoje amri yake. Wamatumbi walingoja, mwisho wakachoka. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche michache tu. Haikuwa hasara kubwa, lakini ilitosha kuanzisha vita, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kusema turudi.

Kinjikitile alikamatwa, akanyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa na siku chache tu. Yasemekana kwamba kabla ya kufa aliwaambia Wadachi kuwa kumwua hakutasaidia kitu, kwa sababu dawa yake imekwisha fika Kilosa na Mahenge. Ndugu yake alishika nafasi yake, akaitwa Nyamguni.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, wakaangushwa na bunduki za mtombo. Je, kwa nini wengine waliendelea? Dawa ilikuwa na miiko: wasilale na wanawake, wasipore mali. Aliyekufa alidhaniwa kuwa ameuvunja mwiko, na ni nani katika kundi angetaka kuwa wa kwanza kusema vinginevyo? Si wote waliofuata, lakini. Wahehe, ambao walikuwa wamekwisha pigana na Wadachi miaka iliyopita, hawakujiunga.

Vita iliendelea hadi mwaka 1907. Wadachi walichoma vyakula mashambani na maghalani, na njaa iliua kuliko risasi. Serikali yao ilihesabu wafu 75,000. Wanahistoria wengine wasema walifika 250,000 hata 300,000. Gavana mpya, von Rechenberg, aliyeshika kazi mwaka 1906, hakuurudisha ule mpango wa pamba ya kulazimishwa.