Maisha ya Daktari Armauer Hansen

Gerhard Armauer Hansen alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Bergen, nchi ya Norwei. Siku zile ukoma ulikuwa umeenea sana katika pwani ile. Alipokwisha kusomea udaktari, alirudi kwao mwaka 1868, akawatumikia wakoma chini ya Daktari Danielssen, ambaye baadaye alikuwa mkwewe. Danielssen alifundisha ya kuwa ukoma ni urithi wa ukoo. Hansen hakusadiki. Alisafiri akichunguza jamaa za wagonjwa, na mwaka 1873 aliona kwa darubini, katika vinundu vya wagonjwa, vijidudu mfano wa vijiti. Ndivyo viletavyo ukoma.

Lakini alishindwa kuvikuza nje ya mwili. Kwa kutaka uthibitisho, mwaka 1879 alitia ugonjwa wa mtu mwingine katika jicho la mwanamke mmoja mkoma, pasipo idhini yake. Shauri likafika barazani, na mwaka 1880 Hansen akaondolewa katika kazi ya hospitali. Hata hivyo aliachiwa usimamizi wa mambo ya ukoma katika nchi nzima, akaushika hata alipofariki mwaka 1912.

Vijidudu vyake hukua polepole mno: kimoja huchukua siku kumi na mbili au zaidi kugawanyika kuwa viwili. Ndiyo sababu ukoma huweza kurudi baada ya miaka mingi. Waliotibiwa kwa dapsoni peke yake walirudiwa kwa wingi, na mwaka 1964 ilithibitishwa ya kwamba vijidudu vingine vimeishinda dawa hiyo. Basi mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni liliagiza dawa mseto: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Tangu hapo wanaorudiwa ni wachache. Walakini wengine wamerudiwa baada ya miaka kumi na zaidi, kwa kuwa vijidudu vichache vilisalia vimelala.

Kwa hiyo aliyekwisha kupona, akiona baka jipya au ganzi, na aende kwa mganga upesi bila haya. Dawa ile ile kwa kawaida humponya tena. Na mganga amsikilize kwa heshima, wala asimtende neno pasipo ridhaa yake. Fundisho hilo Hansen alilipata kwa aibu, na mwanamke yule kwa maumivu.