Fausto Coppi: Milima haikumweza, mbu akamweza

Ukirudi Nairobi kutoka mashambani Busia au Siaya kisha uanze kutetemeka, hata kabla hujafika zahanati mama ashakuamuru ukapimwe malaria. Unadungwa kidole, dakika chache baadaye majibu yako tayari. Liweke hilo akilini nikusimulie habari za Fausto Coppi, Mwitaliano ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waendeshaji baiskeli bora zaidi kuwahi kutokea.

Alizaliwa Septemba 15, 1919, kijijini Castellania, kwa familia ya wakulima. Ungemwona hungemdhania bingwa: mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo. Akiwa bado kijana mdogo alipata kazi kwenye buchari mjini Novi Ligure, na kazi yenyewe ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Ndiyo, alianza kama hawa vijana wanaokuletea chakula mlangoni. Huko akakutana na Biagio Cavanna, mkandaji wa wanariadha aliyekuwa kipofu. Cavanna hakuhitaji macho. Aliipapasa misuli ya kijana akajua huyu si mchezo.

Mwaka wa 1940 timu ilimchukua Coppi amsaidie staa wao, Gino Bartali, katika mashindano ya Giro d'Italia. Bartali akaanguka mapema, na msaidizi akashinda mbio zote. Alikuwa na miaka 20 tu.

Halafu vita vikamkata miguu. Mnamo 1942 aliweka rekodi ya dunia ya saa moja jijini Milan, zaidi ya kilomita 45, lakini mwaka uliofuata alikuwa mwanajeshi nchini Tunisia, akatekwa na Waingereza. Hakurudi nyumbani hadi 1945. Hebu fikiria, miaka ambayo mwanariadha anapaswa kuchanua, yeye ni mateka wa vita!

Aliporudi, alirudi na njaa. Mbio za Milan–San Remo za 1946 alizishinda kwa dakika 14. Mshindi wa pili alipofika, Coppi alikuwa ashapumzika. 1949 akawa mtu wa kwanza kushinda Giro d'Italia na Tour de France mwaka mmoja. Katika Giro hiyo, siku ya kutoka Cuneo hadi Pinerolo, aliwaacha wenzake akapanda na kushuka milima peke yake kwa kilomita 192. Bartali alimfuata karibu dakika 12 nyuma. Kwa jumla Coppi alitwaa Giro tano na Tour mbili.

Malaika hakuwa. Alikiri kutumia vidonge vya kusisimua mwili, ambavyo enzi hizo havikuwa vimepigwa marufuku, na alimwacha mkewe kwa ajili ya mke wa mtu. Italia ya wakati huo uzinzi ulikuwa kosa la jinai, kwa hivyo wapenzi hao walifikishwa kortini.

Desemba 1959, akiwa na miaka 40 na kasi imeisha, alialikwa pamoja na mastaa wa Ufaransa kwenda Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso. Wakashindana Ouagadougou, wakaenda kuwinda. Usiku alilala chumba kimoja na rafikiye Raphaël Géminiani, na mbu walikuwa wengi.

Waliporudi makwao, wote wawili wakashikwa na homa kali. Géminiani alizimia, lakini Ufaransa damu yake ilipimwa, vijidudu vya malaria vikaonekana, akapewa kwinini. Italia, madaktari wa Coppi walimtibu mapafu. Inasemekana watu wa Géminiani walipiga simu kuwaonya, wakapuuzwa. Kwinini ilikuwapo miaka mingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mgonjwa alikuwa ametoka wapi.

Coppi alifariki asubuhi ya Januari 2, 1960, katika hospitali ya Tortona. Géminiani, aliyelala chumba kile kile, aliishi hadi 2024. Alikuwa na miaka 99.