Charles Darwin: aliyenusurika kukosa safari kwa sababu ya pua

Tulipozungumzia lugha ya uso kwenye kipindi cha jioni, swali moja lilirudi mara nyingi kuliko mengine, kutoka hapa Igowole hadi Nyololo na Mninga. Je, ukimtazama mtu usoni unaweza kujua ni mtu wa namna gani? Mwizi ana sura yake? Mchawi je? Dakika za redio ni chache, tukaahidi kuandika hapa kwa kirefu. Tumeona tujibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyelitafuta jibu kwa zaidi ya miaka 30, na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuhukumiwa kwa sura.

Jina lake ni Charles Darwin. Tunajua jina hilo likitajwa wengi hukumbuka somo la sekondari na ubishi wa binadamu na nyani, na wengine hukasirika kabisa. Ubishi huo tuuache kwa leo. Watu wachache wanajua kwamba mzee huyu aliandika pia kitabu kizima kuhusu kulia, kucheka, kukunja uso na kuona haya.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari, akataka mwanawe naye awe daktari, akampeleka kusoma Edinburgh. Wakati huo hapakuwa na dawa ya usingizi. Mgonjwa alipasuliwa akiwa macho, ameshikiliwa na watu. Kijana Darwin aliingia chumba cha upasuaji mara mbili, na mara moja mgonjwa alikuwa mtoto mdogo. Mara zote mbili alikimbia nje kabla kazi haijaisha, na hakurudi tena. Udaktari ukaishia hapo.

Jambo moja la maana alilipata Edinburgh. Alijifunza kuhifadhi ndege waliokufa, ngozi na manyoya yabaki kama ndege yu hai, na mwalimu wake alikuwa mtu mweusi aliyeitwa John Edmonstone, aliyewahi kuwa mtumwa huko Guyana, Amerika ya Kusini. Darwin alimlipa ada, wakawa wanakaa na kuzungumza kwa muda mrefu. Baadaye Darwin alipowasikia Wazungu wenzake wakisema mtu mweusi hana akili wala hisia kama wao, yeye alikuwa amekwisha kufundishwa na mmoja wao.

Baba yake alimhamishia Cambridge asomee uchungaji. Alipomaliza mwaka 1831, akiwa na miaka 22, nafasi ikatokea: meli iliyoitwa Beagle ilikuwa inakwenda kuzunguka dunia, na nahodha wake, Robert FitzRoy, alitaka kijana msomi wa kufuatana naye.

Hapo ndipo pua inapoingia. FitzRoy aliamini mafundisho ya mchungaji mmoja wa Uswisi, Lavater, kwamba umbo la uso linaonyesha tabia ya mtu. Alipoiona pua ya Darwin akaona hapa hapana mtu. Kwa imani yake, mwenye pua ya namna ile hawezi kuwa na nguvu wala ujasiri wa safari ndefu. Alisitasita, nusura amkatalie. Mwishowe alikubali, meli ikang'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831, na mwenye pua mbaya akasafiri karibu miaka mitano bila kurudi nyuma. Darwin alipokuwa mzee aliisimulia habari hiyo kwa kucheka.

Huko Igowole tunaweza kucheka naye, lakini tusicheke sana. Katika nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, bibi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Mtu akipikia moshi miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwa ya rangi gani? Nahodha alikaribia kumnyima kijana safari. Sisi tumewanyima watu uhai kwa kosa lile lile.

Turudi melini. Mwaka 1832 Beagle ilifika Brazili, nchi iliyojaa watumwa kutoka Afrika, wengine wakiwa wametolewa upande wetu huu wa mashariki, hasa Msumbiji. Siku moja Darwin alikuwa akivuka mto kwa kivuko pamoja na mtumwa mmoja. Hawakuelewana lugha, kwa hiyo Darwin akapaza sauti na kuonyesha ishara kwa mikono, na mkono wake ukapita karibu na uso wa yule mtu. Mtu yule, mkubwa wa mwili na mwenye nguvu, akadhani anapigwa. Alishusha mikono yake, akafumba macho nusu, uso umejaa hofu, akangoja kofi. Hakuthubutu hata kujikinga.

Darwin aliona aibu ambayo hakuisahau maisha yake yote. Hakuna neno lililosemwa pale, wala hapakuwa na mkalimani, lakini uso ulieleza wazi jinsi mtu yule alivyozoea kutendewa.

Katika safari hiyo hiyo aligombana na nahodha. FitzRoy alimsimulia kwamba bwana mmoja mwenye watumwa aliwaita mbele yake, akawauliza kama wanataka kuwa huru, wote wakajibu hapana. Darwin akamuuliza: jibu la mtumwa mbele ya bwana wake lina thamani gani? Nahodha akawaka hasira, urafiki ukakaribia kuvunjika. Nasi watangazaji tunalijua jambo hilo. Ukimhoji kibarua tajiri wake akiwa amesimama pembeni, maneno yatakuwa matamu, ila ukiuangalia uso utaona mengine.

Darwin alirudi kwao Oktoba 1836, na mwaka 1839 akamwoa Emma. Walipata watoto 10. Mkubwa, William, alizaliwa Desemba mwaka ule ule, na baba yake akaanza kumwandikia daftari: amekunja uso lini, ametabasamu lini, amelia kwa machozi lini. Kina mama wanaosoma hapa watasema mambo hayo wanayajua bila daftari, na ni kweli. Lakini yeye alitaka kujua jambo moja: je, mtoto hufundishwa kuelewa uso wa mwenzake, au anazaliwa nalo? William alipopita kidogo miezi sita, yaya wake alijifanya analia. Mara moja pembe za mdomo wa mtoto zikashuka na uso ukajaa huzuni. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Darwin akaona huruma ile mtoto amekuja nayo.

Alijijaribu na yeye mwenyewe. Katika bustani ya wanyama ya London palikuwa na kifutu, nyoka wa huku kwetu Afrika, nyuma ya kioo kinene. Darwin aliweka uso wake karibu na kioo, akajiapiza kwamba nyoka akirusha kichwa hatarudi nyuma. Nyoka aliporusha kichwa, alijikuta ameruka nyuma hatua moja au mbili. Alijua kabisa hawezi kuumwa, lakini mwili haukumsikiliza. Akatambua kuwa sehemu ya tunayoyafanya kwa hofu haipitii kwenye mawazo.

Mwaka 1867 alifanya kazi ambayo kwetu ndiyo kubwa kuliko zote. Aliandika maswali 16 akayatuma kwa wamisionari, wafanyabiashara na walowezi katika pembe nyingi za dunia. Mtu wa huko akishangaa, hufumbua macho na mdomo na kuinua nyusi? Akiwa na huzuni, pembe za mdomo hushuka, na nyusi hupanda kwa upande wa ndani? Aliwasihi wasijibu kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu hudanganya. Waangalie kwanza, kisha waandike.

Alipata majibu 36. Afrika Kusini, mmoja wa waliomfanyia kazi hiyo alikuwa Mwafrika, Christian Gaika, ndugu wa chifu Sandile wa Waxhosa, ambaye aliwachunguza watu wake mwenyewe na kuandika majibu yake kwa Kiingereza. Tumependa kumtaja kwa sababu historia ya elimu hupenda kumsahau mtu kama huyo. Jirani yetu Ethiopia, habari zilitoka kwa Mwingereza aliyekaa huko muda mrefu, Kapteni Speedy. Alieleza kwamba Waethiopia wakikataa husukuma kichwa kuelekea bega la kulia na kutoa mlio mdogo mdomo ukiwa umefungwa, na wakikubali hurusha kichwa nyuma na kuinua nyusi mara moja.

Hapo Darwin aligawa mambo mawili, na msikilizaji naye ayagawe. Ishara za ndiyo na hapana hutofautiana kati ya taifa na taifa, kwa sababu watu huzirithishana kama lugha. Lakini furaha, huzuni, hofu, hasira na mshangao, kwa majibu aliyoyapata, huonekana usoni kwa namna moja kwa watu wa kila nchi.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1872. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi, lilifungwa mwaka uliofuata. Baadhi ya wasomi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifundisha kwamba weusi na weupe hawana asili moja, na wenye watumwa walilipenda somo hilo. Darwin aliandika kwamba nyuso zinazofanana hivi, hadi kwenye misuli midogo ya nyusi, ni sababu mojawapo ya kuamini kuwa watu wote wametoka katika shina moja.

Kitabu kilikuwa na picha za kamera, jambo geni kwa wakati ule. Baadhi zilitoka kwa daktari Mfaransa, Duchenne, aliyegusisha umeme kwenye misuli ya uso wa mzee mmoja ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi. Daktari huyo aliona kwamba kicheko cha bandia huvuta mdomo tu. Furaha ya kweli hukaza na msuli unaozunguka macho, ambao watu wengi hawawezi kuuamuru. Chukua simu, jipige picha ukitabasamu kwa kulazimisha, kisha nyingine ukiwa umechekeshwa kweli. Funika mdomo kwa kidole, tazama macho peke yake.

Darwin hakupatia kila kitu. Maswali yake yalikuwa ya kumwelekeza mtu kwenye jibu, na waliojibu wengi walikuwa wageni katika nchi walizoziandikia. Wataalamu wa leo bado wanabishana ni kiasi gani uso mmoja una maana moja kila mahali, kwa sababu watu pia hufundishwa kuficha. Mtoto wetu hufundishwa kuinamisha macho akisema na mkubwa. Mgeni wa mbali anaweza kudhani mtoto huyo ana hatia, kumbe ana adabu. Na msibani yupo asiyetoa chozi hata moja ambaye ndiye aliyeumia kuliko wote.

Kwa hiyo jibu letu kwa waliouliza ni hili. Umbo la uso, ukubwa wa pua au rangi ya macho, havikuambii tabia ya mtu. Mwendo wa uso unaweza kukuambia anachohisi kwa dakika ile, lakini sababu yake hukuambii. Mtu mwenye hofu mbele ya polisi anaweza kuwa mwizi, na anaweza kuwa mtu asiye na kosa anayeogopa kupigwa, kama yule wa kivukoni.

Darwin alifariki nyumbani kwake, kijiji cha Downe, tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa London katika kanisa la Westminster, wanakozikwa wakubwa wa nchi hiyo. Liko jambo moja tumeliweka mwisho makusudi.

Binti yake Annie aliugua akiwa na miaka 10. Darwin alimpeleka kwa daktari katika mji wa Malvern, akakaa kando ya kitanda chake. Emma alibaki nyumbani kwa sababu alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa karibu. Annie alifariki tarehe 23 Aprili 1851. Wiki moja baadaye baba yake aliketi akaandika kurasa chache za kumkumbuka, na ndani yake aliandika pia juu ya uso wake: jinsi ulivyong'aa, jinsi ulivyobadilika haraka.

Zaidi ya miaka 20 ikapita. Katika kitabu chake cha nyuso, kwenye sura ya huzuni, anasimulia kwamba aliwahi kukaa kwenye treni, na mbele yake ameketi mama mmoja mtu mzima, ametulia kabisa. Mara pembe za mdomo wa yule mama zikashuka kidogo sana. Uso mwingine wote haukubadilika, na Darwin akawaza kwamba labda misuli tu imecheza. Kisha akaona macho ya mama yamejaa machozi karibu kudondoka. Akafikiri kwamba huenda anamkumbuka mtoto aliyempoteza zamani.

Hakumuuliza. Treni iliendelea na safari, naye hakusema popote katika ukurasa ule kwamba yeye mwenyewe alikuwa na Annie.