Sam Ntiro: Mchoraji na Mwalimu

Mwalimu anayekusudia kufundisha mitindo ya uchoraji wa kisasa hukabiliwa na swali gumu: je, amwonyeshe mwanafunzi kazi za Ulaya kwanza, au amwache achore kwanza yaliyomo akilini mwake? Maisha ya Sam Joseph Ntiro yatusaidia kulipima swali hilo.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro, nchi ya migomba na kahawa. Katika miaka ya 1940 alisoma Chuo cha Makerere, Uganda, kwa Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko mwaka 1937. Bibi Trowell aliwasimulia wanafunzi tukio fulani, kisha akawataka walichore kama walivyoliona akilini. Alichelea kwamba kuiga kazi za Ulaya kungeua njia yao wenyewe ya kuona.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1955 Ntiro alisoma katika Slade School, London. Wakati huo Ulaya ilikwisha pitia mikondo mingi ya sanaa. Waimpreshonisti wa Ufaransa, waliofanya onyesho lao la kwanza mwaka 1874, walitafuta kunasa mwanga wa kitambo kimoja. Wakubisti, wakiongozwa na Picasso na Braque, walilivunja umbo la kitu na kuonyesha pande zake kadhaa kwa pamoja. Na Picasso mwenyewe alikuwa ameviangalia vinyago vya Kiafrika mjini Paris mwaka 1907. Ntiro hakuifuata mikondo hiyo. Aliendelea kuchora maisha ya kijijini: watu wengi wakishirikiana kazi, vilima na miti. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilichukuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alikuwa Balozi wake London hadi mwaka 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni nchini Tanzania, na aliendelea kufundisha sanaa. Alifariki mwaka 1993.

Si wote walioridhika na njia yake; wapo walioziona picha zake kuwa sahili mno. Tena, Trowell alipoondoka Makerere mwaka 1958, Cecil Todd aliyemrithi aliingiza historia ya sanaa ya Ulaya na nadharia ya rangi. Hoja ya njia hiyo ni nzito: mtu hawezi kukichagua wala kukikataa asichokijua. Lakini hoja ya Trowell nayo haifutiki, kwa maana anayeonyeshwa mno hukoma kutazama.

Yafaa basi kuziunganisha njia hizi mbili. Katika darasa la Mlowo, wanafunzi na wachore kwanza, bila kielelezo, uchumaji wa kahawa ya Mbozi au malori yaelekeayo Tunduma. Katika somo la pili mwalimu aeleze impreshonizimu na kubizimu kwa picha chache. Katika somo la tatu wairudie mada ile ile, kila mmoja akieleza amekopa nini na kwa sababu gani. Asiyekopa kitu naye asipunguziwe alama, mradi aweze kutoa sababu. Ntiro aliziona kazi za Ulaya, akachagua Machame. Mwanafunzi wetu naye astahili kupewa nafasi ya kuchagua.