Gary Kildall: Gwiji aliyeipa tarakilishi mkalimani

KATIKA soko la Nunguni, juu ya vilima vya Kilungu, Kaunti ya Makueni, mtu huingia katika duka la saiba, akachapishiwa barua au fomu, akalipa na kwenda zake. Hana haja ya kujua printa iliyotumika iliundwa na kampuni gani, wala waya wa mtandao uliochomekwa nyuma ya tarakilishi ni wa aina gani.

Programu aliyoitumia kuandika barua hiyo pia haijui. Kazi ya kuzungumza na printa, diski, skrini na waya wa mtandao imeachiwa programu nyingine ndogo ndogo ziitwazo viendeshi. Kila kiendeshi hukijua kifaa chake na kukisemea mbele ya mfumo mkuu.

Miongoni mwa waliouleta utaratibu huu katika tarakilishi ndogo za watu wa kawaida, hakuna aliyetangulia mbele ya Mmarekani Gary Kildall, aliyefariki mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 52. Jina lake hutajwa kwa nadra. Linapotajwa, mara nyingi huwa ni kwa sababu ya biashara iliyomponyoka, na si kwa sababu ya kazi aliyoifanya.

Kildall alizaliwa Mei 19, 1942 mjini Seattle, katika Jimbo la Washington. Familia yake ilikuwa na shule ya ubaharia, naye akiwa kijana alifundisha humo. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington kwa nia ya kuwa mwalimu wa hisabati, lakini akavutwa na tarakilishi, na mwaka 1972 akahitimu shahada ya uzamifu katika fani hiyo.

Huo ulikuwa wakati wa Vita vya Vietnam. Alipotakiwa kulitumikia taifa lake, alipangiwa kufundisha katika chuo cha uzamili cha Jeshi la Majini kilichoko Monterey, California, na huko ndiko alikoishi kwa miaka mingi.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilianza kuuza maikroprosesa yake ya kwanza, 4004, chombo kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Wengi walikiona kuwa kifaa cha kuendeshea mashine nyingine tu. Kildall aliona ndani yake tarakilishi kamili. Alianza kuiandikia programu, akawa mshauri wa Intel, na mwaka 1973 akaiundia kampuni hiyo lugha ya programu iliyoitwa PL/M.

Kikwazo kilikuwa mahali pa kuhifadhi kazi. Utepe wa karatasi uliotobolewa matundu ulikuwa wa polepole na wenye kuchosha. Kildall alipata mashine ya kusomea diski za flopi, na kwa msaada wa rafiki yake John Torode aliyeunda saketi ya kuiongoza, mwaka 1974 akaiwezesha tarakilishi yake kuandika na kusoma diski. Mfumo aliouandika kusimamia kazi hiyo aliuita CP/M.

Intel ilipoonyeshwa mfumo huo haikuutaka. Kildall na mkewe, Dorothy McEwen, wakaamua kuuuza wenyewe. Kampuni yao, ambayo baadaye ilijulikana kama Digital Research, ilikita makao katika mji mdogo wa Pacific Grove, kando ya bahari.

Wateja walikuja, na pamoja nao ikaja adha mpya. Kila mtengenezaji alikuwa na diski za namna yake, kibodi ya namna yake na skrini ya namna yake. Kila mashine mpya ilipotokea, Kildall alilazimika kuifungua programu yake na kurekebisha maagizo yaliyotapakaa huku na huko. Kufikia mwaka 1976, kampuni ya IMSAI ilipouhitaji mfumo huo kwa mashine zake, alikuwa amechoka kuirudia kazi ile ile.

Uamuzi alioufanya wakati huo ndio uliobadili mambo. Alikusanya kila agizo lililohusu vifaa, akaliweka katika fungu moja dogo lililojitenga, akaliita BIOS. Mafungu mengine mawili, lile la kutunza mafaili na lile la kupokea amri za mtumiaji, hayakutakiwa tena kujua lolote kuhusu waya na vyuma.

Mfano wake si mgeni kwa Mkenya. Afisa wa serikali anapohutubia baraza Nunguni kwa Kiswahili, mkalimani huwafasiria wazee kwa Kikamba. Afisa huyo akienda Lodwar kesho yake, hotuba huwa ile ile. Anayebadilika ni mkalimani, kwani huko atahitajika anayejua Kiturkana.

BIOS ilikuwa mkalimani huyo. Katika toleo la 2.2 la CP/M, lililoenea sana, mkalimani alitakiwa kujua mambo 17 tu: kusoma herufi kutoka kwenye kibodi, kuiandika kwenye skrini, kuchagua diski, kusoma na kuandika kipande cha diski, na mengine ya jinsi hiyo. Mtengenezaji aliyeyaandika hayo 17 kwa ajili ya mashine yake aliupata mfumo mzima.

Ni haki kusema kwamba wazo la kutenga viendeshi halikuwa lake peke yake. Wataalamu wa Bell Labs walioanza kuunda Unix mwaka 1969 nao waliviweka viendeshi katika sehemu yake. Hata hivyo, Unix ilikuwa ya mashine kubwa za vyuo na makampuni. Kildall aliufanya utaratibu huo uenee katika mashine ambazo mwalimu au mwenye duka angeweza kununua.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mwandishi wa programu aliweza kuandika mara moja tu na kazi yake ikatumika katika mashine za kampuni nyingi. Programu ya kuandikia WordStar, iliyotoka mwaka 1978, ilienea kwa njia hiyo. Kufikia mwaka 1981 CP/M ilikuwa ikitumika katika aina zipatazo 3,000 za tarakilishi, na Digital Research ilikuwa ikipata dola milioni 5.4 kwa mwaka.

Kisha ukaja mwaka 1980. IBM, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, ilikuwa ikiandaa tarakilishi yake ndogo na ilihitaji mfumo wa kuiendesha. Wajumbe wake walifika Pacific Grove. Asubuhi hiyo Kildall alikuwa amerusha ndege yake mwenyewe kwenda kumwona mteja, na Dorothy akasita kutia saini mkataba wa siri walioletewa.

Yaliyofuata yamesimuliwa kwa namna nyingi zinazopingana, ila mwisho wake unajulikana: hapakuwa na makubaliano. IBM iliigeukia Microsoft ya Bill Gates, nayo ikanunua mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products, ambao kwa mtumiaji ulifanana sana na CP/M.

Kildall alipolalamika, IBM ilikubali kuuza mifumo yote miwili. Lakini tarakilishi hizo zilipoingia sokoni, mfumo wa Microsoft uliuzwa kwa dola 40, na wa Kildall kwa dola 240. Mnunuzi hakuhitaji kushauriwa.

Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita ni kwamba hata mfumo ulioshinda ulifuata mpango wake. DOS ya IBM iligawanywa katika mafaili mawili makuu: moja la kushughulika na vifaa, na jingine la kutunza mafaili ya mtumiaji. Kildall alinyimwa soko, lakini mkalimani wake alibaki kazini.

Hakukaa akinung'unika. Kuanzia mwaka 1983 alishiriki kuendesha kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles kilichowaelimisha Wamarekani kuhusu tarakilishi. Mwaka 1985 kampuni nyingine aliyoianzisha ilifanikisha kuiweka ensaiklopedia nzima ya Grolier katika sidiromu. Digital Research iliuzwa kwa kampuni ya Novell mwaka 1991.

Mwaka huo huo wa 1991, kijana wa Kifini, Linus Torvalds, alitoa toleo la kwanza la Linux. Katika mifumo ya aina hiyo, sehemu ya katikati inayotawala prosesa, kumbukumbu na vifaa huitwa kiini, na viendeshi ni sehemu kubwa ya kiini cha Linux. Humo ugawaji wa kazi umefika chini zaidi kuliko ulivyofika katika CP/M.

Kadi ya mtandao inatosha kuwa ushahidi. Upande wake mmoja hupanga data katika vifurushi. Upande wa pili, ambao mara nyingi ni chipu ya peke yake, huvigeuza vifurushi hivyo kuwa mapigo ya umeme au ya mwanga. Hapo ndipo chini kabisa, mahali programu inapokutana na shaba.

Kwa kuwa kampuni nyingi huunda chipu hizo, Linux huziwekea viendeshi vyake, mbali na kiendeshi cha kadi. Kiini husoma namba ya utambulisho iliyomo ndani ya chipu na kutafuta kiendeshi kinacholingana nayo. Kisipokipata, hutumia cha jumla, kinachojua yale ya msingi ambayo waundaji wamekubaliana.

Kiendeshi hicho ndicho kinachojua kama waya umechomekwa au umechomoka, na kama kasi iliyoafikiwa na upande wa pili ni megabiti 10, 100 au 1,000 kwa sekunde. Chipu ya kampuni moja ikiondolewa na ya nyingine kuwekwa, hubadilishwa mkalimani tu. Hotuba hubaki ile ile.

Kildall hakuuona utaratibu huo ukikomaa. Mapema Julai 1994 aliumia kichwani akiwa katika baa moja mjini Monterey, na siku tatu baadaye, Julai 11, akaaga dunia. Alizikwa Seattle, mji aliozaliwa.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Pete ya Kildall ilichelewa. Mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo chake, chama cha wahandisi cha IEEE kiliweka bamba la kumbukumbu nje ya jengo la Pacific Grove lililokuwa makao ya kampuni yake. Mwaka 2016 watoto wake waliruhusu sehemu ya kumbukumbu alizoandika kuhusu maisha yake isomwe na umma.

Utajiri wa dunia ulikwenda kwa wengine. Lakini kila mara waya wa mtandao unapochomekwa katika tarakilishi kuukuu, Nunguni au kwingineko, na taa ndogo ya kijani ikawaka, ni utaratibu alioupigania Kildall unaofanya kazi yake kimya kimya, kama mkalimani mwema ambaye hakuna anayemkumbuka baraza likisha.