Mike Hailwood: Bingwa wa Pikipiki Katika Ulingo wa Magari

Aghalabu mwanamichezo hupimwa kwa mataji yake. Kwa kipimo hicho, maisha ya Mike Hailwood yana sehemu mbili zisizolingana: alikuwa mfalme juu ya pikipiki, na dereva wa kawaida tu ndani ya gari. Hata hivyo, ni katika magari alikotenda tendo lake kuu.

Hailwood alizaliwa Uingereza tarehe 2 Aprili 1940. Babake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa pikipiki, hivyo kijana hakuhangaikia chombo cha kuendesha. Waliodhani kwamba ni mfuko wa mzazi uliokuwa ukishindana walifumbuliwa macho upesi. Kati ya mwaka wa 1961 na 1967 alitwaa mataji 9 ya dunia, 4 kati yayo yakiwa ya mfululizo katika daraja kuu. Kwa jumla alishinda mbio 76 za Grand Prix. Honda ilipojiondoa mashindanoni mwaka wa 1968, ilimlipa asiiendeshee kampuni nyingine. Akayageukia magari kwa dhati.

Hakuwa mgeni huko, kwani alikuwa ameonja mbio za langalanga tangu mwaka wa 1963 bila mafanikio makubwa. Mwaka wa 1969 alimaliza wa tatu katika mbio za saa 24 za Le Mans. Mwaka wa 1971 alirejea langalanga katika timu ya John Surtees, mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na wa langalanga pia. Huko Monza mwaka huo, Hailwood alimaliza wa nne, nyuma ya mshindi kwa sekunde 0.18 pekee. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa Ulaya wa magari ya daraja la pili. Ushindi wa langalanga, hata hivyo, ulizidi kumponyoka.

Tarehe 3 Machi 1973, katika uwanja wa Kyalami nchini Afrika Kusini, gari lake liligongana na la Clay Regazzoni. La Regazzoni likawaka moto, naye mwenyewe amezirai ndani. Hailwood alishuka na kujitosa motoni ili kumfungua mkanda. Nguo zake zikashika moto, akalazimika kurudi nyuma. Zilipozimwa, aliingia tena, na Regazzoni akatolewa akiwa hai. Kwa tendo hilo, Uingereza ilimtunukia nishani ya George Medal.

Mwezi wa Agosti 1974, katika uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, Hailwood alipata ajali iliyomvunja mguu na kuhitimisha safari yake ya langalanga. Mshindi wa mbio zizo hizo alikuwa Regazzoni.

Mwaka wa 1978, baada ya kutoshiriki mbio za pikipiki za kisiwa cha Man kwa miaka 11, alirudi huko na kushinda. Alishinda tena mwaka wa 1979, kisha akastaafu. Mwezi wa Machi 1981, akiwa njiani na wanawe wawili kununua chakula cha jioni, gari lake liligongana na lori. Bintiye alikufa papo hapo. Yeye alifariki siku mbili baadaye, akiwa na umri wa miaka 40.

Katika langalanga alianza mbio 50, asishinde hata moja. Ila Regazzoni aliishi miaka mingine 33 baada ya Kyalami, na hakuna jedwali la matokeo linaloonyesha miaka hiyo.